Mbu wa jeni inayojisambaza: maswali yenu nayajibu

Wiki iliyopita niligusia mbu wanaobadilishwa vinasaba ili wamalize malaria, meseji zimekuja nyingi, nachukua nne.

Kaka, hiyo jeni inajisambazaje yenyewe? (Mikindani)

Inapitia kwenye uzazi, mdogo wangu. Kawaida kitu alichonacho mzazi mmoja kinafika kwa nusu tu ya watoto. Hii imebeba mkasi wake, unaitwa krispa, ikiwa kwenye seli za uzazi inaikata nakala iliyotoka kwa mzazi mwingine, seli ikijiziba pale inajikuta imekopi jeni nzima na mkasi wake, basi karibu watoto wote wanayo, na wajukuu hivyo hivyo. Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College London waliitumia kuharibu jeni moja ya jinsia, jike akiipata kwa wazazi wote wawili hazai wala hang'ati, na mbu wa kwenye vizimba wakaisha ndani ya vizazi 7 mpaka 11.

Wameshawaleta huku? (Newala)

Hapana. Kule Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara ina mbu ambaye vimelea vya malaria havikomai vizuri ndani yake, wamempima kwa vimelea vya watoto wetu wa Tanzania, ila yumo ndani ya maabara.

Wakikosea wanamsimamishaje? Mbu si ng'ombe umfunge kamba. (Lindi mjini)

Mama, hili ndo swali lenyewe, na mimi ndo linaninyima usingizi, maana mbu wa Mtwara akivuka Ruvuma ameshaingia Msumbiji na hakuna aliyewauliza wenzetu kule.

Breki zipo zinatengenezwa. Mwaka 2021 watafiti walitengeneza mbu mwingine mwenye protini inayoushika ule mkasi usikate, wakamchanganya na wale wa kujisambaza kwenye kizimba kimoja, na mbu hawakuisha. Protini yenyewe asili yake ni virusi wanaoshambulia bakteria, yaani ni silaha ya zamani sana. Kabla ya hapo, 2020, watu wa California walijaribu kwa nzi wa matunda breki mbili, moja inaukata mkasi wenyewe ufe, nyingine inaing'oa jeni yote na kukaa pale pale ilipokuwa. Kuna pia wazo la kuigawa ile jeni vipande vinavyotegemeana, kipande cha mwisho hakina wa kukisukuma kwa hiyo kinapotea, cha juu yake kinafuata, mwisho mnyororo mzima unakwisha wenyewe.

Lakini tuelewane, breki nayo ni mdudu aliyebadilishwa, na ukishamwachia humrudishi kwenye chupa. Ndo maana mimi nasema breki ipimwe kwa mbu wetu, ikamilike, ndo tuanze kuongelea kumwachia yeyote, na watu wa vijijini waulizwe kabla, sio kuja kuambiwa.

Kwa hiyo neti niache? (Kilwa Masoko)

Usiache bibi, shikamoo. Lala ndani ya neti yenye dawa leo na kesho. Na mvua ikikatika mtume mjukuu akaangalie vidimbwi vya njia ya shamba na majaruba ya mpunga, kiluwiluwi akilala bapa juu ya maji huyo ndo wa malaria, akining'inia kichwa chini huyo ni mbu mwingine, ila vidimbwi vya jirani na nyumba fukieni vyote.