Kano ya kisigino inauma miezi minane: nipumzike au nifanye mazoezi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 43 na hukimbia kwa ajili ya afya. Huu ni mwezi wa nane nasumbuliwa na maumivu nyuma ya mguu wa kulia, vidole viwili hivi juu ya kisigino. Asubuhi nikishuka kitandani nachechemea, mwili ukipata moto naona nafuu. Nikipumzika wiki mbili maumivu yanaisha, nikirudi kukimbia nayo yanarudi. Nameza diklofenaki karibu kila siku. Rafiki yangu ananishauri nichomwe sindano ya steroidi. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri, ndugu msomaji. Hapo uliposema ukipumzika yanaisha na ukikimbia yanarudi ndipo penye jibu. Maumivu kuisha ni jambo moja, kano kupona ni jambo jingine. Wiki mbili za kukaa zinaituliza kwa sababu haibebi kitu, lakini wakati huohuo kano na misuli ya shavu la mguu vinazidi kudhoofu. Kisha unairudisha kwenye mbio zilezile. Itaachaje kuuma?

Kano iliyosumbua kwa miezi huwa imenenepa. Ibane taratibu kwa kidole gumba na cha shahada, halafu bana ya mguu wa kushoto. Mara nyingi utaihisi tofauti. Ndani yake nyuzi za kolajeni, yaani protini inayoijenga kano, zilizopaswa kulala sambamba zimevurugika. Kwa hatua hii tatizo kubwa si tena ule uvimbe wa siku za mwanzo, ndiyo maana diklofenaki inakutuliza kwa saa chache tu. Kuimeza kila siku kunaweza kukuletea vidonda vya tumbo, kukuharibia figo na kupandisha shinikizo la damu. Zungumza na daktari wako namna ya kuiacha.

Kinachoijenga upya kano ni mzigo: mzito kiasi, wa taratibu, unaoongezwa hatua kwa hatua. Simama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, visigino vikining'inia, mkono ukishika ukuta. Panda kwa miguu yote miwili, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha shusha kisigino polepole ukihesabu hadi tatu, mpaka kipite chini ya usawa wa ngazi. Wengi hukosea kwenye huko kushuka: wanajiangusha, wakati kazi yenyewe iko palepale. Daktari Håkan Alfredson wa Sweden na wenzake walichapisha utaratibu huu mwaka 1998: mara 15 kwa seti 3, goti likiwa limenyooka, kisha tena likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Ni kazi nyingi, na wengi huiacha njiani. Baadaye ilionekana kuwa mazoezi mazito ya polepole mara tatu tu kwa wiki yanatoa matokeo yanayokaribiana. Mimi huchagua hayo, kwa kuwa zoezi bora ni lile mtu atakalolimaliza. Ukizoea, vaa begi mgongoni na uongeze uzito kidogo kidogo.

Angalizo: haya ni kwa maumivu yaliyo katikati ya kano, kama ulivyoeleza. Anayeumia pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino afanyie kwenye sakafu tambarare, asishushe kisigino chini ya usawa, na asijinyooshe sana, maana hapo kano hubanwa kwenye mfupa.

Je, ukiumia wakati wa zoezi uache? Si lazima. Yape maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Yakifika 5 bado unaruhusiwa, mradi kesho yake asubuhi yawe yamerudi kama kawaida yake. Zile hatua zako za kwanza kutoka kitandani ndiyo kipimo chako: zikiwa mbaya kuliko jana, jana ulizidisha. Punguza, usiache. Kwa kipimo hichohicho huenda hata usilazimike kuacha kukimbia kabisa; fupisha umbali, epuka vilima na mbio za kasi, na ruka siku moja au mbili katikati, kwa sababu baada ya mzigo mzito kano huvunja kolajeni zaidi ya inavyotengeneza kwa takriban siku moja na nusu kabla ya kuanza kujenga.

Sindano ya steroidi nisingekushauri. Inaweza kutuliza kwa wiki chache, lakini hudhoofisha kano, na hii ndiyo inayobeba mwili mzima; ikikatika ni habari nyingine. Pia ukiandikiwa antibiotiki za kundi la siprofloksasini, mwambie daktari una tatizo la kano, maana zinajulikana kuongeza hatari ya kukatika.

Usitarajie muujiza wiki ya pili. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa. Zikipita 12 bila nafuu yoyote, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) ukapimwe. Usingoje hata siku moja ukisikia mlio wa "pa!" nyuma ya mguu na ukashindwa kusimama kwa ncha za vidole, au shavu la mguu mmoja likavimba na kuwa la moto. Hilo la pili linaweza kuwa damu iliyoganda.