Melk hadi Krems kwa baiskeli: kilomita siyo tatizo, tatizo ni kundi

Mkuu, umeuliza kama mtu asiye na mazoezi anaweza kufuatana na wenzake wa kazini kwa baiskeli kando ya mto Danubi, Austria, kutoka Melk hadi Krems kwa siku moja. Anaweza. Mimi nilikwenda mwezi wa saba, tulikuwa wanane, na kabla ya hapo baiskeli yangu ya mwisho ilikuwa Phoenix ya baba mdogo, Tanga, enzi za shule.

Umbali usikutishe. Ni kama kilomita 36, karibu yote lami, na kwa kuwa mnafuata mto unakoelekea, vilima ni vichache. Melk kuna abasia kubwa ya Wabenedikto juu ya mwamba, wapo pale tangu 1089. Mkichelewa kuondoka, itazameni kwa nje mwende zenu.

Sasa kundi. Wawili wenye miguu ya chuma walitangulia. Kila kijiji wanatusubiri kivulini, wanakunywa maji, wanapiga picha. Sisi wa nyuma tukifika tu, wao wanapanda: "Haya, twende!" Hadi Aggsbach Markt wao walikuwa wamepumzika mara tatu, mimi sijapumzika hata mara moja. Wala hawakuwa na roho mbaya, walidhani wanatungoja.

Hapo hapo Aggsbach mwenzetu mmoja akapata pancha. Baiskeli ya kukodi, na tyubu ya akiba iliyowekwa kwenye mkoba haikuwa saizi yake. Nikatoa viraka na solusheni, nikashuka mtoni na tyubu iliyotoboka, nikaichovya, mapovu yakaonyesha tundu lilipo. Wazungu wakasimama kunitazama kama fundi wa chini ya mwembe. Kuanzia hapo hakuna aliyeninung'unikia kwa kuchelewesha, nakushauri na wewe ubebe viraka.

Willendorf, mahali ilipochimbuliwa mwaka 1908 ile sanamu ndogo ya kale ya mwanamke mnene (yenyewe halisi iko makumbusho ya Vienna, urefu sentimita 11 tu), ndipo tulipogombana kidogo. Mama mmoja mtu mzima kuliko sote akaamua: mwenye kasi ndogo aende mbele, wengine wamfuate. Huyo alikuwa mimi. Aibu niliiona, lakini hadi Spitz tulifika wote pamoja na pumzi ninayo.

Spitz tulivuka kwa pantoni. Wewe uliyezoea la Kigamboni utashangaa, hili halina injini ya kulisukuma. Limeshikizwa kwenye waya uliotandwa juu ya mto kutoka ng'ambo hadi ng'ambo; linakaa mshazari, na mkondo wenyewe unalisukuma mpaka upande wa pili. Kimya kabisa, unasikia maji tu. Ningelipa tena nirudi nalo.

Upande wa kusini ni mashamba ya mizabibu na miti ya aprikoti, wenyeji wanaiita Marille. Tulikula tunda zima lililofunikwa kwa donge la unga, likachemshwa, likaviringishwa kwenye chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi. Mawili yanatosha. Nilikula manne, na baadaye nikajuta.

Nilijuta kwa sababu baada ya hapo tulikutana na upepo wa mbisho, na ule utaratibu wa mama ukaharibika: wa mbele ndiye anayebeba upepo wote. Tukabadilisha. Mwenye nguvu mbele lakini kwa mwendo wangu, mimi wa pili, gurudumu langu karibu na lake, na wa mwisho anapiga kengele msururu wetu ukikatika. Kaa wa pili, mkuu, tofauti utaihisi mapajani. Tulipita Rossatz hivyo, ng'ambo tunauona mji wa Dürnstein na mnara wake wa buluu, juu yake magofu ya ngome inayosimuliwa kuwa mfalme Richard wa Uingereza alifungwa humo mwishoni mwa 1192.

Vaa kaptula yenye sponji, usione haya. Na baiskeli inakatiwa tiketi yake kwenye treni, na nafasi zake ni chache. Sisi hatukuliwaza hilo: Krems watano walipanda, watatu tukabaki stesheni kusubiri nyingine, tunakula aprikoti zilizopondeka kwenye mkoba.