Mpango uko kwenye FMS, mbona helikopta haigeuki?

SWALI: Nimezoea helikopta ndogo isiyo na autopailoti (mtambo unaoiendesha yenyewe), na sasa najifunza kubwa yenye FMS, yaani kompyuta ya kupanga na kuhesabu njia ya safari. Tukitoka Dar es Salaam kwenda Songo Songo kupitia Mafia, niliingiza mpango wote na mstari ukaonekana kwenye skrini. Kufika Mafia, helikopta ikapitiliza moja kwa moja. Wakati wa kurudi ikafanya kinyume: ikaanza kugeuka hata hatujafika juu ya nukta ya Mafia. Tatizo ni nini?

JIBU: Ya kurudi si tatizo, nitaieleza. Tuanze na ya kwenda, maana hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi.

FMS haiendeshi helikopta. Kazi yake ni hesabu. Muda wote inatazama kipande kimoja tu cha njia, kile kilicho hai, kutoka nukta uliyoiacha hadi ile unayoiendea. Inapima umetoka nje ya mstari kwa umbali gani na unakwenda kwa pembe gani, halafu inatoa amri: lala kulia digrii kadhaa, au kushoto. Autopailoti huipokea amri hiyo pale tu unapoiweka kwenye NAV, modi ya kufuata njia ya FMS. Ikiwa kwenye HDG, modi ya uelekeo, itafuata uelekeo ulioupanga mwenyewe kwa kitufe, hata kama mstari umepinda mbele ya macho yako. Kwa maelezo yako, nadhani hilo ndilo lililotokea. Kubonyeza NAV peke yake hakutoshi, soma maandishi ya juu kwenye skrini. Katika mifumo mingi kijani maana yake modi imeshika, nyeupe maana yake bado inasubiri. Kama NAV ilikuwa imeshika kweli, fungua orodha ya nukta uone kama kuna pengo baada ya Mafia. FMS haiwezi kukisia kipande ambacho hukukiunganisha.

Sasa ile ya kurudi. Pale Mafia njia inapinda kama digrii 40. Ukisubiri ufike juu ya nukta ndipo ugeuke, utatupwa nje ya mstari, kwa hiyo FMS inaanza mapema na kuukata mkunjo. Umapema huo unategemea kasi yako juu ya ardhi. Kwa noti 120 (maili za baharini kwa saa) na mlalo wa digrii 20, nusu kipenyo cha mzunguko ni kama mita 1,070, na kona ya digrii 40 huanza mita 390 kabla ya nukta. Unaporudi huku kusi ikikusukuma kwa noti 20, nusu kipenyo kinafika mita 1,450 na kona inaanza mita 530 kabla. Ukitaka lazima upite juu ya nukta yenyewe, iweke kuwa ya kupitiwa juu, kama mfumo wako unaruhusu.

Jambo moja la helikopta ambalo wenzetu wa ndege za mabawa hawana: hesabu hii yote inadhani kwamba ukilala, unageuka. Mwendo ukipungua sana dhana hiyo inavunjika, kwa sababu helikopta ikilala inateleza pembeni huku pua ikitazama palepale. Ndiyo maana NAV ina kasi ya chini kabisa ya kutumika. Itafute kwenye kitabu cha helikopta yako uikariri, usingoje uikute hewani ukikaribia kutua.

Na nukta ulizoingiza kwa mkono, tafadhali zikague. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Ukiwa na karatasi iliyoandikwa dakika 54 na sekunde 50, nawe ukaandika 54.50, ambayo mfumo unaisoma kama dakika 54 na nusu, umeikosa nukta kwa zaidi ya mita 600. Usiku juu ya bahari, hizo ni nyingi mno. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna mtego mwingine, herufi N (kaskazini) badala ya S (kusini). Mafia yenye N iko Ethiopia. Kwa hiyo kabla ya kuwasha injini, soma umbali wa kila kipande kwa sauti, mwenzako akiulinganisha na ramani. Dar es Salaam hadi Mafia ni kama maili 70 za baharini. Skrini ikikuonyesha karibu 890, futa uandike upya.