Maswali ya Karakana: Ndoo ya udongo, hataza, na nani aitwe mhandisi

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, barua huja kwangu kwa fujo kama abiria wa jioni wanaogombea daladala. Nimechagua chache. Aliyeuliza "kozi gani ina hela" asijitafute humu. Swali hilo nililijibu mwaka jana na mwaka juzi, na jibu halijabadilika.

Shikamoo mwalimu. Nina PCM (fizikia, kemia na hisabati), nimechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) na pia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST). Mjomba anasema vyuo vya mikoani ni vya waliokosa Dar. Nifanyeje?
*Mhitimu wa kidato cha sita, Tabora*

Marahaba. Mjomba mfikishie salamu zangu, kisha mwambie kwamba chuo anachokibeza kilianza mwaka 1986 kikiwa Chuo cha Ufundi Mbeya, kikawa taasisi ya sayansi na teknolojia mwaka 2005, na kikawa chuo kikuu mwaka 2012. Maana yake kilifundisha vijana kushika spana kwa miaka zaidi ya ishirini kabla hakijavalisha mtu joho. Mimi naihesabu hiyo kuwa sifa. Na Bodi ya Usajili wa Wahandisi haina daftari la wa Dar na daftari la wa mikoani.

Jina la chuo liache kwanza. Tafuta mwanafunzi wa kozi hiyohiyo unayoitaka, aliye mwaka wa pili au wa tatu, umwulize mambo matatu: kwenye benchi moja la maabara wanasimama wangapi, fundi wa karakana yupo au alistaafu nafasi ikabaki wazi, na fildi ya mwaka jana walikwenda wapi. Majibu hayo yatakueleza mengi kuliko ukuta mpya uliopakwa rangi.

Kuhusu Mbeya yenyewe, nina upendeleo na siufichi. Pale una reli ya TAZARA, makaa ya mawe ya Kiwira, mpunga wa Usangu, dhahabu ya Chunya, chai ya Rungwe. Mwanafunzi wa uhandisi mitambo atakayekaa miaka minne katikati ya vitu hivyo, halafu akaniandikia kwamba amekosa tatizo la kutatua, huyo hakutoka nje ya geti. Lolote utakaloamua, thibitisha udahili wako kabla dirisha halijafungwa. Usije kuniandikia Novemba.

Hesabu zinanisumbua. Naweza kusoma uhandisi?

Zinamsumbua kila mtu. Anayefaulu ni yule anayelirudia swali usiku uleule lilipomshinda.

Natafuta wazo la projekti ya mwaka wa mwisho. Nafikiria mfumo wa umwagiliaji unaojiendesha kwa kihisi cha unyevu wa udongo. Unaonaje?
*Mwaka wa nne, uhandisi wa umeme*

Naona ndoo. Kila maonyesho ninayopita, naikuta: ndoo ya udongo juu ya meza yenye kitambaa cheupe, kihisi kimechomekwa katikati, waya za rangi zote, pampu ndogo inayotema maji kwa mrija, na kijana mwenye tai akieleza jinsi atakavyomkomboa mkulima. Safari moja nikamwuliza mwenye ndoo: mkulima gani? Akajibu, "Wakulima wadogo kwa ujumla."

Huyo mkulima wa kwa ujumla simjui. Ninayemjua ni yule wa mpunga kule Mbarali, aliyesimama jarubani, maji yakimfika kifundo cha mguu. Ukimwambia una kifaa cha kumjulisha kama udongo wake umelowa, atakutazama kwa huruma. Kinachomnyima usingizi ni zamu ya maji mferejini, na jirani wa juu anayefungua lango usiku watu wakiwa wamelala. Hilo ni tatizo la kihandisi pia: kupima mtiririko, kuandika nani amechukua kiasi gani, lango lisilofunguka ovyo. Ila haliingii kwenye ndoo, ndiyo maana hakuna anayelileta.

Na hata hiyo ndoo yenyewe haijapimwa. Kihisi cha bei rahisi chenye miguu miwili iliyo wazi hufanya kazi kwa kupitisha umeme kwenye udongo. Ukikiachia umeme wa mkondo mmoja (DC, kama wa betri) usiku na mchana, kwenye udongo wenye unyevu na chumvi, mguu mmoja unaliwa. Hiyo ni elektrolisisi, mliifundishwa sekondari. Mguu ukishaliwa, kifaa kinasoma "pakavu" hata shamba likiwa bwawa, na pampu inaendelea kumwaga. Maonyesho huisha siku chache tu, aibu haijajitokeza. Dawa ipo: tumia kihisi cha kapasita, ambacho chuma chake hakigusi udongo, kilichozibwa vizuri kingo zake, au kipe umeme sekunde ile tu unayosoma kisha ukate. Ripoti nyingi za ndoo zimepita mikononi mwangu na bado naisubiri ya kwanza itakayoniambia kifaa kilikaa shambani siku thelathini na nini kiliharibika.

Mfano wa kwenda kinyume na hapo tunao nyumbani. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alianza na maji ambayo watu wanakunywa kweli. Mikoa ya kaskazini maji ya visima vingi yana floraidi nyingi, ndiyo inayowaachia watoto meno ya kahawia. Kichujio chake kinatumia mchanga, kitu kikongwe kabisa, kikiunganishwa na chembe za nano, yaani ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, na ilikuwa ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Sehemu ya "kulingana na maji ya mahali husika" isome mara mbili. Ina maana mtu alikwenda na chupa, akachota, akapima, kisha ndiyo akachanganya.

Sasa wazo lako, maana najua hutaki hotuba. Nenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ukae siku tatu. Mnunulie fundi chai. Mwulize ni kitu gani hubadilisha kila mara: roli za mpira zinazomenya maganda, mikanda, beringi? Chukua kilo moja ya mchele uliotoka, tenga chenga na mchele mzima, pima kila fungu, andika. Rekebisha nafasi kati ya roli au unyevu wa mpunga unaoingia, kisha pima tena. Ukipunguza chenga kwa kiasi ambacho mwenye mashine mwenyewe anakiona kwenye mizani, una projekti, na una mteja. Haitapendeza kwenye picha. Msimamizi wako akisema haina teknolojia ya kutosha, mwonyeshe barua hii.

Kuna ubaya gani kutumia akili mnemba kuandika ripoti?

Mwanafunzi mmoja aliniletea ripoti iliyonyooka, Kiingereza cha balozi. Mota ya kilowati 2.2, fezi tatu, volti 400, na ripoti inasema inavuta ampea 47. Mota hiyo inavuta karibu ampea 4.7. Nukta ilihama, na yeye akaifuata: akachagua kebo nene na bureka la ampea 63. Kwa bureka hilo, mota ingeungua mpaka majivu nalo bado limekaa tu bila kukata umeme. Nilipomwuliza, akasema, "Ndivyo ilivyotoka."

Tumia unachotaka. Lakini atakayetia sahihi kwenye mchoro ni wewe.

Mwanangu ana ufaulu wa kati. Ameambiwa aanze diploma ya ufundi kisha aje kusoma digrii. Je, huko si kupoteza muda?
*Mama mzazi, Songea*

Hapana, mama. Mwache aende, tena aende kifua mbele.

Kila mkutano wa wahandisi nchi hii utausikia uwiano uleule: mhandisi mmoja, mafundi sanifu watano wenye diploma, mafundi mchundo ishirini na tano wa kazi za mikono. Tukishausema tunapiga makofi, tunarudi nyumbani kuwalazimisha watoto wetu wote wawe yule mmoja. Matokeo yake tuna mhandisi anayesubiri fundi, na fundi hayupo. Nimekuwa kwenye saiti ambapo wahandisi wanne walizunguka jenereta moja iliyogoma, kila mmoja na nadharia yake, mpaka akaja dada mmoja mwenye diploma, akagusa kichujio cha dizeli, akakifungua, akamwaga maji yaliyojaa humo, akaiwasha. Dakika kumi hivi, pamoja na kunawa.

Akimaliza NTA ngazi ya 6, yaani hiyo diploma, na GPA (wastani wa alama) nzuri, mlango wa digrii uko wazi, na kwenye masomo ya vitendo atawaacha mbali waliotoka kidato cha sita. Atatatizika kwenye hesabu za mwaka wa kwanza, mwandae kwa hilo. Na akiamua kubaki fundi sanifu, asisajiliwe moyoni mwenu kama aliyefeli.

Nimemaliza mahafali Desemba. Naruhusiwa kuandika "Eng." mbele ya jina langu?

La. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ni ya mwaka 1997, haikutungwa jana, na bado swali hili linakuja kila Januari pamoja na kadi za harusi zilizokwisha kuchapishwa na hiyo "Eng." juu yake. Digrii inakupa haki ya kuomba kusajiliwa kama mhandisi mhitimu. Ili uwe mhandisi mtaalamu lazima ufanye kazi chini ya uangalizi, uandike taarifa zako, uhojiwe. Bodi ina mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu, ulioanza mwaka 2003, kwa ajili hiyohiyo. Jisajili mapema. Wengi huniandikia baada ya miaka sita ya kazi wakitaka kurudisha nyuma kumbukumbu ambazo hawakuziandika, na waliowasimamia wamekwisha kuhama au kufariki.

Nimebuni mashine ya kubangua korosho. Nataka kuipeleka maonyesho ya MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Nawezaje kupata hati miliki wasiniibie?
*Mbunifu, Masasi*

Kwanza tunyooshe lugha, kwa sababu nimechoka. Hati miliki uliyonayo huenda ni ya kiwanja. Mwandishi na mwanamuziki wana hakimiliki, na upande wa Bara wanakwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mashine yako inahitaji hataza (kwa Kiingereza patent), ulinzi wa uvumbuzi, na huko ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Ukitaka ulinzi katika nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja, kuna ARIPO, shirika la kikanda la miliki bunifu, makao yake Harare.

Pili, na hili ndilo hukuuliza: usionyeshe kabla ya kuomba. Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na kitu ulichokwisha kukieleza kwenye kibanda, ukapigwa picha na kurushwa mitandaoni, mkaguzi anaweza kukikataa kwa ushahidi wako mwenyewe. Kamilisha ombi, pata namba yake, ndipo ukapange meza. Kama unalazimika kwenda, onyesha korosho zilizobanguliwa na kifuniko kikiwa kimefungwa.

Tatu, kama uliitengeneza chuoni, kwa vifaa vya chuo na msimamizi wa chuo, soma sera ya miliki bunifu ya chuo hicho kabla hujajiita mmiliki pekee. Na nne, ambalo litakuuma: mashine nyingi zinazohofiwa kuibwa hazina hata mnunuzi mmoja. Kabla ya kumwogopa mwizi, mtafute mteja.

Mwanangu anasema karakana ya chuo chao ina mashine za kisasa ila zimefunikwa turubai. Ni kweli au anakwepa darasa?

Yawezekana ni yote mawili. Lakini turubai nalifahamu. Nilipata kufundisha mahali palipokuwa na mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta, zawadi ya wafadhili. Ilifanya kazi muhula mmoja. Kikafa kipande kimoja cha kielektroniki, kidogo kama kiberiti. Ombi la kukinunua lilizunguka kwenye meza za watu mpaka likachakaa. Wanafunzi wangu wakajifunza mashine hiyo kwa picha za slaidi, nayo iko mita tatu nyuma yao, imefunikwa.

Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia kwa mradi wa HEET, kuimarisha elimu ya juu, na vyuo vya mikoani vimo. Majengo yanaonekana na nayafurahia. Ombi langu kwa wanaopanga bajeti ni dogo: kila mashine inunuliwe na vipuri vyake vya miaka mitano na mshahara wa fundi atakayeitunza. Mzazi, ukienda siku ya wazazi, usiulize maktaba ina viti vingapi. Omba turubai lifunuliwe, na mashine iwashwe ukiwa umesimama hapo.

Naomba nafasi ya fildi ofisini kwako. Nimeambatanisha barua.

Hii ni ya kumi na nne mwezi huu. Sina ofisi, nina safu. Nawe hukutaja kozi, mwaka wa masomo, wala tarehe za kuanza na kumaliza, kwa hiyo hata mwenye ofisi asingejua akupeleke wapi. Acha kutuma ujumbe mmoja kwa watu hamsini. Chagua sehemu tatu, nenda mwenyewe asubuhi, umtafute msimamizi wa karakana kabla ya kumtafuta mkuu wa utumishi, maana yeye ndiye anayejua kama kuna kazi ya mikono. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Na ukipiga picha barua ya chuo, ipige ikiwa wima. Shingo yangu imechoka.