Kitabu cha fedha za maendeleo au cha mifumo ya kihasibu? Jibu la mtu wa dawatini

Mkuu, umesema unasoma shahada ya pili ya fedha na uhasibu, una shilingi laki moja na nusu ya kununulia vitabu, na hujui ununue cha fedha za maendeleo ya kimataifa au cha mifumo ya taarifa za kihasibu. Nunua cha mifumo. Hicho kingine usitoe hata shilingi, nitakwambia utakisoma wapi.

Nimekaa miaka sita kwenye uhasibu wa mradi wa maji, halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Nilifika nikiwa nimemeza mijadala yote: mchumi Jeffrey Sachs anataka misaada kwa nchi maskini iongezwe, mwenzake Dambisa Moyo na kitabu chake cha 2009, Dead Aid, anataka ikatwe. Mijadala mitamu, ya kunywea kahawa. Ila hakuna kati yao aliyeniandaa kwa siku ile shilingi milioni 400 za visima vinane zilipoingia benki, mweka hazina akaniuliza, "Hizi tunaziandika mapato?"

Nikasema ndiyo, na nikawa nimechemka. Mkataba ulisema fedha ambazo hazitachimba visima zinarudi kwa mfadhili. Kwa IPSAS 23 tuliyokuwa tukiifuata (IPSAS ni viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma), sharti la aina hiyo linaifanya fedha kuwa deni hadi kazi ifanyike: kisima kimoja kikikamilika, unahamisha milioni 50 kwenda mapato. Kama mkataba ungesema tu "zitumike kwa maji", bila kutaja kurudisha, zingekuwa mapato siku ileile. Mwaka ukafungwa tukiwa na visima viwili ardhini, ziada ya milioni 300 vitabuni, na hoja ya mkaguzi mezani.

Balaa la pili lilitokana na mfumo. Wa halmashauri unakwenda na mwaka wa serikali, Julai hadi Juni, kwa kasma, yaani vifungu vya bajeti: dizeli ni dizeli, posho ni posho. Mfadhili wetu alihesabu Januari hadi Desemba, tena kwa vipengele vya mradi: uchimbaji, mafunzo, usimamizi. Basi nikafungua Excel yangu pembeni, kila vocha naiingiza mara mbili. Vocha moja ya dizeli, shilingi 386,000, niliiweka kwenye uchimbaji mwezi Desemba. Dereva akaleta risiti Januari, imekunjwa mara nne na inanuka mafuta, nami nikaiingiza upya kwenye usimamizi. Tukamdai mfadhili mara mbili. Zilirudishwa kutoka mapato ya ndani, na barua tatu za maelezo juu yake.

Sura moja tu ya chati ya akaunti ingeniokoa. Ingenionyesha kwamba namba ya akaunti hubeba sehemu kadhaa: idara, kasma, mradi, kipengele, mfadhili. Unaingiza vocha mara moja, ripoti zote mbili zinatoka humohumo. Usiruke pia sura ya udhibiti wa ndani, ile ya anayeidhinisha, anayelipa na anayeandika leja wawe watu watatu. (Kwetu walikuwa watatu kwenye karatasi. Nywila ya mmoja wao ilibandikwa chini ya kibodi, na ofisi nzima tulikuwa tunaijua.)

Kitabu chenyewe ni Accounting Information Systems cha Romney na Steinbart; toleo la zamani la mtumba linatosha kabisa. Ni kitabu cha Kimarekani, kimejaa mauzo na maghala, kwa hiyo panapotajwa mteja, wewe jiulize mfadhili angetaka nini. Viwango ndivyo usisome vya zamani: IPSAS 47 imechukua nafasi ya 23 kuanzia 1 Januari 2026, na kitabu rasmi cha viwango hivyo hupakuliwa bure.

Sasa fedha za maendeleo. Chukua mkataba wowote wa mkopo wa IDA (tawi la Benki ya Dunia linalokopesha nchi maskini) kwa Tanzania; Benki huiweka mikataba hiyo mtandaoni. Ruka utangulizi, nenda kwenye viambatisho, utafute jedwali linalogawa fedha kwa makundi ya matumizi na asilimia zitakazolipwa. Kisha fungua ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ya miradi ya maendeleo, tafuta mradi huohuo, uone ni kundi lipi limezaa hoja na kwa nini. Fanya hivyo kwa miradi mitatu kabla ya kugusa nadharia yoyote.

Jedwali likikupiga chenga, lipige picha uliweke hapa tulisome pamoja.