Theluji imekoma siku nne, mbona tahadhari haijashuka?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Ninaishi Denver, Colorado. Jumamosi mimi na wenzangu tunataka kupanda milimani karibu na Berthoud Pass kwa viatu vya theluji. Theluji ilikoma siku nne zilizopita na jua linawaka, ila kituo cha jimbo cha tahadhari ya maporomoko ya theluji bado kinaonyesha daraja la 3 kati ya 5. Hawajazidisha woga kweli?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Hawajazidisha. Wewe unaitazama theluji ya juu, wao wanaihofia ya chini.

Theluji mpya mara nyingi hutulia baada ya siku chache, hapo hujakosea. Kinachotusumbua Colorado ni ile ya mwanzo wa msimu, Oktoba na Novemba. Huwa nyembamba, na usiku usio na mawingu uso wake hupoa mno huku ardhi iliyo chini ikibaki karibu na nyuzi 0 za Selsiasi. Tofauti hiyo huupandisha mvuke, na chembe za theluji hugeuka punje kubwa zenye kona, zisizoshikana. Ukizichota zinachuruzika kiganjani kama sukari. Dhoruba zinazofuata hupakia bamba zito la theluji juu yake. Tabaka hilo la chini huweza kubaki dhaifu wiki kadhaa, hata miezi, na jua lako la siku nne halilifikii.

Daraja la 3 ndilo linaloua wengi Marekani. Anga linapendeza, watu wanatoka, na mara nyingi anayeyaanzisha maporomoko ni mhanga mwenyewe au mwenzake. Nyayo za waliotangulia si ushahidi wa usalama: mtu wa kumi anaweza kukanyaga penye theluji nyembamba, bamba likakatika. Hata mkiwa tambarare, ufa unaweza kukimbia hadi mteremko ulio juu yenu.

Nendeni, lakini chagueni njia yenye mwinamo chini ya digrii 30, isiyopita chini ya mteremko mkali. Simu inaweza kuupima. Mkisikia mvumo mzito miguuni au kuona nyufa zikichanua, rudini papo hapo.

Kila mmoja, si kiongozi peke yake, abebe kifaa cha redio cha kutafutia aliyefukiwa, ufito wa kudungia theluji na sepetu. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 hivi, mara nyingi hupona. Baada ya hapo nafasi yake hushuka haraka, na waokoaji kutoka mjini hawatawahi. Taarifa ya Jumamosi isomeni kabla ya kuondoka, maana ya leo haitoshi.