Kwa mnaovuka Kasumulu kwenda kuhubiri Malawi

Kila mwaka naapa sitaandika tena, na kila mwaka linakuja kundi jipya la wamisionari wetu kutoka Mbeya na Iringa linanilazimisha. Safari hii ni kijana aliyeingia kwenye bwalo la mfumu, yaani baraza la chifu wa kijiji, kofia kichwani, simu juu, anarekodi mapokezi yake mwenyewe kwa ajili ya ripoti ya robo mwaka. Mfumu hajakaa hata kwenye kiti. Nawapenda sana wadogo zangu, ndiyo maana nawasema.

Shida yetu huku Malawi ni kwamba Mzungu akifika anajua yeye ni mgeni, anauliza. Sisi tukisikia maneno mawili matatu yanafanana na ya kwetu, tukionja nsima tukaona ni ugali, basi tumeshakuwa wenyeji.

1. Karatasi na fedha. TEP, kile kibali cha muda cha kufanya kazi Malawi, ianze kushughulikiwa kabla hujafunga sanduku. Fedha za mradi msizilaze benki. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44, na waliokuwa wameweka fedha za kisima wakaamka na fedha zisizotosha kisima.

2. Dawa za malaria zikae kwenye begi unalopakata, si kwenye mzigo ulio juu ya keria. Askofu Mackenzie wa UMCA, misheni ya Waanglikana, aliyepanda mto Shire mwaka 1861 akaweka kituo Magomero, mtumbwi wake ulipinduka Januari 1862, dawa zikazama, homa ikamuua kabla mwezi haujaisha. Misheni ikarudi nyuma, mwaka 1864 ikahamia Unguja, na baadaye ndipo likainuka kanisa kuu la Mkunazini. Waanglikana wa Unguja wana deni kwa ule mtumbwi. Na kwa kuwa tumeshaingia majini: Askofu Chauncy Maples alizama Ziwa Nyasa mwaka 1895 kwenye dhoruba, akiwa njiani kwenda Likoma, hajamaliza hata mwaka kwenye uaskofu. Mwenye boti akikwambia leo hatuondoki, hamuondoki. Usimwombee upepo utulie huku umeshapandisha mabegi.

3. Gari. Pikapu ya misheni ni ambulensi, ni gari la mahindi, ni gari la maiti, na hilo si la kubishana na mhasibu. Siku ya maliro, yaani msiba, hakuna semina, hakuna mazoezi ya kwaya, hakuna jembe linaloinuliwa. Nenda, kaa na wanaume wenzako, nyamaza.

4. Orodha ya msaada. Hapa nitakaa, maana nimeona tena daftari jipya likifunguliwa.

Mwaka 2016, baada ya ukame wa El Niño, serikali ya Malawi ilitangaza janga la kitaifa. Kanisa la nyumbani likachanga, tukapata mahindi, gunia la kilo 50 kwa kaya. Nilikuwa wilaya ya Dowa, kijana mwenye diploma na vigezo. Nikazunguka na wazee wa kanisa nyumba kwa nyumba: wajane, wagonjwa, wanaolea yatima. Mfumu nilimpelekea orodha ikiwa imeshachapwa, agonge muhuri tu. Akaisoma yote taratibu, akauliza, "Na hawa wengine?" Nikamweleza vigezo. Akagonga muhuri.

Tuligawa asubuhi. Jioni napita, nakuta gunia la bibi mmoja mjane limefunguliwa uani, mtu anapima kwa bakuli, na watu ambao hawamo kwenye daftari langu wamepanga foleni na ndoo na vitenge. Nyumba ya pili vilevile. Kwa amri ya nani? Ya mfumu. Damu ilinichemka. Jumapili nikapanda mimbarani na shamba la mizabibu la Nabothi, nikawachana watawala wanaokula haki ya wanyonge. Sikutaja jina, na wala haikuhitajika, kwa sababu mfumu, ambaye hata mshirika wetu hakuwa, alikuwa amekuja ibadani siku hiyo kutushukuru kwa mahindi. Alikaa mpaka mwisho wa mahubiri. Wakati wa sadaka akainuka, akaweka noti yake kwenye kapu, akatoka.

Hakunikemea. Ila misiba ikaanza kupita bila sisi kuitwa kuomba. Nikifika mahali watu wanasimama, wananisalimu kwa heshima zote, mazungumzo yanakatika.

Aliyeniokoa ni yule bibi. Alinikalisha mkekani akasema, mwanangu, njaa imeingia kila nyumba, wewe umekuja kuchagua nyumba. Gunia zima lingelala kwangu, nani angenisaidia kupalilia? Nikifa nani angenibeba? Mfumu alitaka niendelee kuishi na watu. Na fungu langu lilikuwa kubwa kuliko ya wote, lakini wewe hukuuliza.

Nilikwenda kuomba radhi nikitanguliwa na mzee wa kanisa, kuku mkononi, nikaketi chini. Mfumu alimpokea kuku, kisha akanitoza mbuzi. Nikalipa kwa posho yangu, na mbuzi akaliwa na kijiji kizima kwa mgawo uleule niliouita wizi. Radhi nikairudia mimbarani. Mzee alisema si lazima. Mfumu alisema ni lazima.

Kwa hiyo: kabla ya daftari, bwalo. Wao wenyewe waseme gunia litagawanywaje, wewe uandike.

Na usiniambie "mimi Mwafrika mwenzao." William Koyi alikuwa Mxhosa wa Lovedale, Afrika Kusini. Alifika na misheni ya Waskoti ya Livingstonia mwaka 1876, na lugha yake iliwaingia Wangoni wa chifu M'mbelwa kuliko ya Mskoti yeyote. Mwaka 1882 akahamia kwao, akangoja ruhusa ya kuwafundisha kwa uhuru. Ilipotoka, mwaka 1886, yuko kitandani anakufa. Wewe una wiki mbili na umeshakasirika kwamba mfumu hajakupa kiwanja.

5. Ukikaribishwa kuku ukawekewa filigisi, kula. Ni heshima yako hiyo. Yupo aliyempa paka, mama mwenye nyumba anamtazama.

6. Ukialikwa na ndugu zetu wa CCAP, kanisa la Kipresbiteri, ratiba ya akina mama wa Chigwirizano, umoja wao wa wanawake, usiiguse. Uliza yao, ndipo upange yako.

7. Mizigo. Acheni kuja na unga na majani ya chai. Chai inalimwa Thyolo na Mulanje, na unga wa huku ni mweupe kuliko wenu. Nafasi hiyo jazeni bushi, mikanda ya feni na pampu ya dizeli. Nasema dizeli. Aliyekuja mwaka jana alileta ya petroli, bado iko kabatini.